Mbao Nne za Mwalimu

Mtu wa kwanza kunigombeza Bwera alikuwa yeye, na mpaka leo sijapata wa kumfikia. Tulikuwa hatujamaliza kushusha godoro kwenye pikapu, akatokea ng'ambo ya ua wa michongoma, amevaa busuti ya kijani, gauni lile la mabega yaliyochongoka, mwavuli kwapani, ingawa mvua haikuwepo wala haikuwa na nia ya kuja. Nikasema, "Habari, mama," huku nimeinamia mzigo. Akasimama.

"Unasalimia mimi ama unasalimia godoro?"

Nikainuka nikasalimia upya, mikono yote miwili. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia baba yangu ni mwanajeshi, mtu wa kaskazini, mimi nimekulia kambini, mara Mbarara mara Kasese, na huyu mwanamume anayehangaika na meza ndiye mume wangu, Mkonzo wa hapahapa. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ndiyo maana Kiswahili yako iko na buti," akasema, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi alikuja na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, kwenye sufuria iliyofunikwa na jani la mgomba. Akangoja nionje mbele yake, akaondoka na sufuria yake bila kuuliza kama nimependa. Nilikuwa nimependa mno.

Sote tulimwita Mwalimu. Alifundisha darasa la tatu miaka mingi akastaafu, lakini kustaafu huko kulikuwa kwa karatasi tu. Kuanzia stendi ya boda mpaka daraja la mpaka wa Congo pale Mpondwe, aliita watu wazima wenye ndevu kwa sauti ileile ya kusoma mahudhurio, na wenye ndevu waliitika. Mimi nilimwita afande, kwa utani wa kambini, naye alijifanya hapendi. Sasa kwa kuwa hayupo wa kunikatiza, nataka kumsimulia nipendavyo. Sitaanza na alikozaliwa wala nani alimzaa nani. Ukimwuliza hayo alisema, "Mimi siko kwenye mutihani." Nitaanza na endara.

Endara ni marimba kubwa ya Wakonzo. Mbao nene kumi na kitu zinalazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba vilivyokatwa siku hiyohiyo, kutoka kubwa mpaka ndogo. Watu sita wanakaa pande mbili, kila mtu na magongo yake mawili, na hakuna anayepiga wimbo mzima. Kila mmoja ana kipande chake kifupi, cha kijinga hasa, ukikisikia peke yake utadhani fundi anapigilia misumari. Vikikutana vyote sita ndipo wimbo unapotokea, na hapo hata mwenye goti bovu anainuka. Mwalimu alishika zile mbao nne kubwa kabisa, za sauti nene. Yeye ndiye aliyeanza, na wengine wote waliingia kwa kumsikiliza. Asipoanza yeye, wale watano wanabaki kutazamana.

Basi shida yetu ilikuwa hapo. Mwanamke huyu aliwafundisha watoto wa watu kipande cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano, bure, kwa miaka. Kile cha sita, cha kwake, alikataa katakata kumfundisha kiumbe yeyote. Na hakuwa akirudi ujanani. Endara ya kijiji cha mume wangu ilikwishanyamaza namna hiyohiyo, mzee wake alikufa na mbao zikawa viti vya jikoni. Hii ya Mwalimu ndiyo tuliyobaki nayo. Tulimwambia kwa upole, tukamwambia kwa ukali, mchungaji alimwambia, hata katibu wa kata alikuja amevaa koti kumwambia. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Mukono yangu," ndivyo alivyokiita kipande chake, "nitaenda nayo." Kisha anakuuliza kama umekula.

Sijui mtu mwenye subira zaidi yake kwa mambo madogo, na mgumu zaidi yake kwa hilo moja.

Chukua habari ya siku ya darasa. Alianza Jumamosi, nusu ya watoto wakakosekana, maana Wasabato wa Bwera ni wengi na Jumamosi hata sahani haioshwi. Akahamishia Jumapili asubuhi, wakakosekana wale nusu wengine. Ijumaa ni siku ya soko, watoto wako na mama zao kwenye mihogo na samaki. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alizunguka nyumba kwa nyumba na mwavuli wake, akaafikiana na kila dhehebu, mwishowe ikawa Jumapili saa tisa alasiri, "mumesali, mumekula, hamuna sababu." Na kweli hawakuwa na sababu, kwa kuwa asiyefika alifuatwa.

Huko darasani hushiki magongo hivihivi. Kwanza unamsalimia kwa Kikonzo kila mtu mzima aliyeko uani, mmoja mmoja, hata kama wako kumi na watano na mmoja wao anakoroma. Halafu unajibu swali: wewe ni nani? Watoto waliokuja likizo kutoka mjini Kasese ndio waliotuchekesha. Mmoja alijibu kwa Kiingereza kizuri kabisa, jina, shule, darasa, na kwamba anapenda kuogelea. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Hiyo ni barua ya kuomba kazi. Mimi nauliza wewe ni nani." Mtoto akamtazama mama yake. Mama naye akatazama migomba. Jumapili tatu baadaye mtoto yule alitaja ukoo wake, mwiko wa ukoo wake, na yeye ni wa ngapi kwa mama yake, pumzi moja, na mama alikuwa amejifunza pembeni akisogeza midomo.

Mchungaji alipata kuja kulalamika. Alisema, kwa heshima zote, kwamba endara ni kitu cha matambiko ya zamani, na Wakristo wanajiuliza. Mwalimu wakati huo alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya mchungaji huyohuyo, kila Jumapili, na kofia. Akampa kiti, akampa chai.

"Mchungaji, gitaa ya kanisa ilibatizwa mwaka gani?"

Mchungaji alijitahidi asicheke, akashindwa, chai ikamwingia puani. Tangu hapo endara ilipigwa kila sikukuu ya mavuno, nje ya kanisa, siyo ndani. Hayo ndiyo waliyokubaliana, na kila mmoja aliwaambia watu kwamba ameshinda.

Na wazee wa kiume je? Hao walinuna tangu zamani. Endara, walisema, ni kazi ya wanaume, mwanamke anakalia nini pale. Yeye alikuwa na dawa yao. Akiwaona wamekaa kununa anawaendea na magongo mawili na kuwaambia, "Karibu, baba, kaa hapa wewe, mimi nipike." Hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua. Wakarudisha magongo, wakaendelea kununa kimyakimya.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Aliazima vitu vyangu na kuvitetea kama vyake. Aliogopa kinyonga kuliko nyoka. Na mtu huyuhuyu ambaye angekukata jicho ukitumia neno moja la Kiganda mbele ya watoto, kila Jumatano saa kumi alikuwa sebuleni kwangu akitazama filamu za Kinaijeria zilizotafsiriwa kwa Kiganda, akilia na kila mjane na kumlaani kila mama mkwe. Nikamwuliza, "Afande, hiyo si ndiyo ile lugha?"

"Nyamaza. Mimi napeleleza."

Kiswahili chenyewe alikipata sokoni Mpondwe, kwa akina mama wanaovuka kutoka Congo, na alikipenda kwa sababu, alivyosema, hakina mwenyewe wa kukugombeza. Wale akina mama walimwabudu. "Mwalimu, beko wapi batoto yako ya ngoma?" walimuuliza, na yeye, muuza karanga akiwa katikati ya kupima, anasimamisha soko zima kueleza kwamba endara si ngoma.

Sasa nisimulie habari ya binti yangu, maana hapo ndipo nilipomchukia.

Kabla ya kuhamia Bwera nilijifungua mtoto wa kike Kasese, hakulia. Walimfunga kitambaa, wakamchukua, na mama yangu akaniambia yale wanayoambiana wanawake wa kambini: futa, songa mbele, usilitaje. Nikafuta. Mwaka wa pili wa Bwera nikapata mwingine, mzima, mwenye sauti ya kuamsha tarafa. Nikasema huyu ni Masika, maana nilishajua mpango wa Wakonzo: jina linafuata kuzaliwa, binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, na kuendelea, ndiyo sababu ukiita Bwambale, jina la mvulana wa pili, sokoni wanageuka watu kumi na wawili. Nilijivunia kuwa nimejua mwenyewe bila kufundishwa.

Mwalimu akaja kutuona. Akaosha mikono, akampokea mtoto, akamtazama sana.

"Wabukire, Biira," akamsalimia kwa Kikonzo.

Nikasema, "Mwalimu, ni Masika. Ni wa kwanza."

"Huyu ni wa pili."

Mume wangu akainamisha kichwa. Kumbe alikuwa ameshawaambia ndugu zake habari ya yule wa Kasese, na kwao hesabu haimruki mtu, amelia hajalia. Mimi damu ilinipanda. Nilimnyang'anya mtoto wangu, nikamwambia maneno ya kambini ambayo sitayaandika, na mlango nikamwonyesha. Akaondoka na mwavuli wake. Kesho yake asubuhi sauti ikatoka ng'ambo ya ua: "Biira ameamka?" Sikujibu. Kesho kutwa tena: "Biira ameamka?" Wiki nzima, kama jogoo. Nilikuwa tayari kuhama.

Ijumaa nikaenda sokoni na mtoto mgongoni. Mama mmoja wa Congo, muuza mafuta ya mawese, akamchungulia. "Kazuri! Jina yake nani?" Sijui nilipatwa na nini, labda lile jina lilikuwa limeshanizoesha masikio. Nikasema, "Biira." Yule mama akaangaza macho nyuma yangu, huku na huku, kama wanavyofanya wote, maana ng'ambo ya mpaka nako majina ni hayohayo.

"Na Masika? Iko wapi?"

Nikamwambia, "Alitangulia."

Akaweka chini chombo chake cha mafuta, akafuta mikono kwa kitenge, akanishika mikono yote miwili. "Pole, mama. Pole sana." Mwaka na nusu ulikuwa umepita tangu Kasese, na hiyo ndiyo pole ya kwanza niliyopewa na mtu. Nililia pale katikati ya mawese na hakuna aliyenishangaa. Niliporudi nikamkuta Mwalimu uani kwake anachambua maharage. Nikakaa nikachambua naye. Hatukuongea juu ya hilo, ila tangu siku ile mimi ni Mama Biira, na mwenye kuniita vinginevyo hanijui.

Kwa hiyo nilipenda kwenda naye kila alikoitwa, nikibeba vitenge vyangu vya kuuza. Na aliitwa mbali. Mwaka mmoja akaitwa Mweya, kule penye hoteli ya watalii ndani ya mbuga, endara ikapigwe mbele ya wageni wakinywa chai. Tulikodi pikapu, mbao nyuma, wapigaji juu ya mbao, na Mwalimu mbele akimwelekeza dereva barabara ambayo dereva anaiendesha kila siku. Tembo walitusimamisha karibu nusu saa. Mwalimu akateremsha kioo akawaambia kwa Kikonzo kwamba tuna miadi.

Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu, ila alikuwa na ombi. Wageni wangefurahi zaidi kama mama angevua saa ya mkononi. Ile saa, unaelewa, inaharibu picha.

"Wageni wanavaa saa?"

"Wanavaa, mama."

"Basi tukivua, tuvue wote."

Saa ikabaki. Walipiga, wageni wakapiga makofi, na mzee mmoja mwenye kofia kubwa akauliza kupitia kwa kijana: hawa wa hapa ni wa maonyesho, sawa, lakini Wakonzo wenyewe hasa, wale wa kweli, bado wapo? Wanaishi wapi? Kijana aliona aibu kutafsiri. Mwalimu akasema, "Mwambie wako. Ila leo ni siku ya soko, beko Mpondwe bote."

Tulicheka sana. Aliyecheka kuliko sote alikuwa mgeni mmoja wa kike, wa makamo, nywele zake ndefu amezisuka mikia miwili, amekaa peke yake mwisho wa meza. Akaja akachuchumaa karibu na endara. Alisema, kijana akitafsiri, kwamba swali hilo na wao wanaulizwa kila mwaka. Yeye ni Mwampanoag, watu wa kale wa pwani ya Marekani, upande jua linakotokea, na watalii wanakuja kwenye kijiji chao wanawauliza usoni kama bado wapo. Anawajibu kwamba yupo, ana miadi na daktari wa meno saa nane.

Mwalimu akampenda palepale. Akamkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuona. Wakaulizana mambo ya watoto, mahindi, nani anafundisha. Yule mama akasema lugha yao ilinyamaza zaidi ya miaka mia, hakuna mtu hata mmoja aliyebaki akiisema. Lakini mababu walikuwa wameiandika, barua, hati za mashamba, Biblia. Wakaitoa humo neno kwa neno, na sasa wako watoto wadogo wanaoisema jikoni na kuombea uji.

"Na sauti?" Mwalimu akauliza. "Kitabu iko na maneno. Sauti ya kwanza walipata wapi, kama wazee walisha kwisha?"

Yule mama akafikiri kidogo. Akasema waliitafuta kwa ndugu zao wanaosema lugha za jirani, walikisia, walijaribu. Akasema wako vizuri sasa. Halafu akasema angetoa chochote, chochote kabisa, kumsikia bibi mmoja tu akimwita mtoto wake aje kula.

Njiani kurudi Mwalimu hakumwelekeza dereva hata mara moja, mpaka dereva akaniuliza kama mama anaumwa. Tulipopita Kikorongo ndipo aliponigeukia.

"Mama Biira, munafikiri mimi ni mchoyo."

"Ndiyo, afande. Wote tunafikiri hivyo."

"Kaka yangu alinipa hizi mbao nne siku ya Jumatatu. Alisema njoo, nikuonyeshe mukono yangu. Alikuwa muzima, alikuwa anakula. Siku ya Jumatano tulimzika. Na yeye alipewa na baba mudogo, mwezi haikuisha, baba mudogo akaenda. Kwetu, ukigawa mukono, umeaga."

Nikatafuta la kusema, nikapata utani, kwa kuwa ndio niliokuwa nao. "Kumbe afande anaogopa."

"Sana," akasema. "Naogopa sana, mwanangu." Na akafungua mwavuli ndani ya gari kujikinga na jua la dirishani, dereva akapiga kelele kwamba haoni kioo.

Miaka ikapita juu ya hayo. Wale watoto watano wa kwanza wakawa watu wazima: mmoja boda, mmoja muuguzi, wawili wana biashara ya kahawa, mmoja analima mpunga Mubuku kwenye shamba la kukodi. Waliitwa Jumapili wakaja, hata yule wa Mubuku, na magoti yenye tope. Mwalimu aliwapigia kelele kwa simu, na sisi tukimtajia ile habari ya mbao nne anaona kuku wa kufukuza. Mimi niliacha kumsumbua. Ningeanzaje kumwambia mtu, tafadhali tuage?

Halafu kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na mguu wa kulia, mwishoni mwa mvua. Alirudi kutoka hospitali amepungua nusu, mdomo umeenda upande lakini maneno yote yamo. Jumapili tatu endara haikulala juu ya migomba. Wale watano walikuja, wakakaa ukutani, wakaondoka. Hakuna wa kuanza.

Jumapili ya nne nikasikia ng'ambo ya ua, "Mama Biira! Vaa viatu, kuja."

Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, ameegemezwa mito, na endara imeshapangwa, vigogo vinatoka maji. Wale watano aliwafukuzia barazani. Akanionyesha kigoda chake, nyuma ya zile mbao nne.

"Kaa."

"Mwalimu, mimi si Mkonzo."

"Nimekuuliza?"

"Wako hawa watano, wamefundishwa tangu wadogo."

"Hawa wako na mbao yao. Wewe umekaa miaka minane kwa ile ua bila kazi." Akaanza kunigonga gotini kwa mkono wa kushoto, kidogo, kwa mpigo. "Sikia. Hii ni kushoto. Hii ni kulia. Piga."

Nilijua. Hilo ndilo lililonitisha. Miaka minane nimetwanga, nimefua, nimebembeleza mtoto nikisikia kile kipande kikipita kwenye michongoma, kilikuwa mwilini mwangu bila ruhusa yangu. Nilishika magongo na mikono ikataka kukimbia yenyewe. Nikaikataza. Nikapiga vibaya, makusudi kabisa, gongo la kulia nikalichelewesha.

"Hapana. Tena."

Nikakosea tena. Nikakosea mpaka jua likashuka, akaniambia nirudi kesho. Kesho nikarudi nikakosea mahali pengine. Siku ya tatu nikakosea pale pa kwanza na pa pili kwa pamoja, wale barazani wakaanza kunong'ona kwamba watu wa kaskazini hawana sikio. Jumatano, wakati wa filamu, nilikuwa bado nakosea. Na kila jioni nilimwacha hai, nikaenda kwangu nikiwa nimeshinda.

Siku ya tano akaniwekea mkono juu ya magongo, ule mzima.

"Unakosea makusudi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Sitaki uende." Machozi yakanitoka, siyaonei haya. "Nitakosea mwaka mzima."

Akanitazama. Yule wa Mubuku barazani alikuwa amekodoa macho, na muuguzi ameziba mdomo.

"Yule mama ya Mweya," akasema, "alisema nini? Alitaka nini?"

"Kumsikia bibi mmoja akimwita mtoto aje kula."

"Mimi niko hapa. Nakuita. Unakataa kuja?"

Nilifuta uso kwa bega. Nikawaita wale watano, wakaja wakakaa kila mtu mahali pake, hakuna aliyemtazama mwenzake. Nikaanza. Sikukosea. Mbao zile zinatetemesha kigoda, sikuwahi kujua, zinakupanda mgongoni. Nikazunguka mara moja, mara mbili, na mara ya tatu muuguzi akaingia, kisha wa kahawa na mwenzake, boda, wa Mubuku mwisho na zile mbao ndogo, na wimbo ukatokea pale uani.

Mwalimu alikuwa ameinua uso. Nilidhani anaumwa, nikataka kuacha, akanikaripia kwa kidole niendelee. Maisha yake yote alikuwa ndani ya kitu kile, mikono kazini, akihesabu wenzake. Hakuwahi hata siku moja kukaa nje akakisikia.

"Kumbe iko hivi," akasema. Alikuwa analia na kucheka kwa ule upande mmoja wa mdomo. "Iko tamu hivi, na hamukuniambia?"